Mume naye apimwe, tena mapema

Nafanya kazi maabara hapa Morogoro, na sehemu ya kazi yangu ni kupima shahawa. Ukipewa karatasi ya majibu imeandikwa mbegu ni milioni kadhaa, ujue kuna mtu alikaa kwenye darubini akazihesabu. Nimezihesabu kwa miaka mingi, na ninalo neno kwa kaka zangu: kama wewe na mkeo mnatafuta mtoto, kapime siku ileile anayopima yeye. Usimwache atangulie.

Nasema hivi kwa sababu ya bahasha. Mama anaingia na bahasha nene kutoka hospitali mbalimbali: ultrasaundi, vipimo vya homoni, picha ya mirija ile ya kuingiziwa dawa kwenye kizazi, ambayo kila aliyepigwa atakuambia inavyouma. Namwuliza, majibu ya mumeo yako wapi? Anatazama chini. "Yeye hana shida, sista. Nguvu anazo." Kumbe ndoa ina miaka mitano, mawifi wameshasema yao, mama mkwe ameshaanza kumtajia mwanawe binti wa jirani. Na katika vipimo vyote vya uzazi, cha mume ni miongoni mwa vilivyo rahisi kabisa. Hakina sindano wala dawa ya usingizi. Kinataka kikopo safi na chumba chenye komeo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023: mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani mwake. Na kati ya wenzi wanaohangaika, karibu nusu yao tatizo linamgusa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hiyo kila tunapompima mke peke yake, tunaacha nusu ya maswali nje ya mlango.

Nguvu anazo, sawa. Lakini kusimama ni kazi ya mishipa ya damu, neva na hamu. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani kwa utaratibu wake. Nimeshapima wanaume wenye nguvu zao zote, vijana wembamba wenye afya ya kuonekana, nikatafuta mbegu kwenye kioo na nisione hata moja. Ndiyo maana nasikitika kuona vijana wanavyomalizia hela kwenye dawa za nguvu, vumbi la Kongo na chupa zinazouzwa stendi ya Msamvu. Bidhaa nyingi za namna hiyo zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zilikutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, ile iliyomo kwenye Viagra, dawa ambayo mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti inaweza kumuua. Na mbegu haziongezi.

Niwaeleze tunavyofanya, maana wengi hawaji kwa woga tu. Unakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kwa njia yoyote. Unatoa zote ndani ya kikopo tulichokupa, bila sabuni wala mafuta, wala kondomu ya kawaida, kwa sababu vitu hivyo huziua mbegu. Tone la kwanza likimwagika nje, sema, usione aibu: sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi kuliko nyingine, na majibu yatadanganya. Kama umetolea nyumbani, ilete ndani ya saa moja, ukiwa umeificha ndani ya nguo karibu na mwili isipate baridi. Mimi naiacha iyeyuke, napima ujazo, naangalia zinavyoogelea, kisha nazihesabu kwenye kioo chenye miraba, angalau mbegu 200 kila mara ili hesabu iwe ya kuaminika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unatupa viwango vya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo zuri asilimia 4. Wanaume hushtuka sana kwenye hiyo 4. Wasishtuke, ndivyo mbegu za binadamu zilivyo. Na viwango hivi vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Katika kila 100 ya akina baba hao, 5 walikuwa chini ya kiwango. Kwa hiyo anayepata milioni 12 hajafungiwa mlango. Na kipimo kimoja hakitoshi, lazima kirudiwe, hasa kama ulikuwa na homa hivi karibuni. Malaria kali ya mwezi uliopita naweza kuiona kwenye darubini leo.

Naweza kuiona kwa sababu mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, halafu zinahitaji muda mwingine wa kukomaa na kusafiri. Jumla kama miezi mitatu. Kwa hiyo kikopo unachoniletea leo kinaeleza ulivyoishi miezi mitatu iliyopita, ulivyokula, ulivyolala, ulivyokunywa. Hapo ndipo penye matumaini ninayotaka kuyaeleza.

Kitambi. Kwetu mwanamume akinenepa baada ya kuoa, mkewe hupongezwa kwamba anajua kutunza. Nami sina nia ya kumdharau mtu kwa mwili wake. Lakini mafuta ya tumboni yanafanya kazi usiyoiona. Yana kimeng'enya kinachoitwa aromatase, na kazi yake ni kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Kila mwanamume ana estrojeni kidogo na anaihitaji. Mafuta yakizidi, estrojeni nayo inazidi, na ubongo unapoihisi kwenye damu unapunguza zile homoni zake zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Testosteroni inashuka. Ikishuka, misuli inapungua na mwili unachoka, hamu ya kutembea inakwisha, mafuta yanajijaza tena. Ndiyo maana mtu anakuambia "nikajikuta tu nimefika huku", na anasema kweli.

Halafu kuna joto. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi wa digrii 2 hadi 4 chini ya joto la ndani. Mapaja yakijaa na mafuta yakashuka kinenani, zinabanwa na kufunikwa, na mbegu hazipendi joto. Ongeza kisukari kinachofuatana na unene, ambacho huharibu neva hadi shahawa zinarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka. Mgonjwa wa hivyo anatoa tone moja au hatoi kitu, na tunakwenda kuzitafuta mbegu zake kwenye mkojo.

Mkitaka namba: mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170 akifika kilo 87 ameshaingia kwenye unene uliopitiliza. Kiuno kikizidi sentimita 94, hatari inaanza kupanda. Kikivuka 102, imepanda sana. Pima usawa wa tumbo lenyewe, sio pale mkanda unapokaa chini ya kitambi.

Morogoro ni mji wa barabara, na wengi ninaowapokea ni madereva wa malori yanayotoka Dar kwenda Tunduma na kuendelea hadi Zambia na Kongo. Nawahurumia sana hawa. Mtu anakaa kwenye kiti saa kumi na zaidi, injini inapuliza joto miguuni. Anakula saa anayopata, na kinachopatikana usiku ni chipsi zege na soda, pengine nyama choma. Ili asisinzie anakunywa enaji mbili tatu, wengine mirungi. Anasinzia kwa muda wa saa nne tu kwenye kebini, anaondoka. Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa walipima joto la mfuko wa korodani za wanaume wakiwa wanaendesha gari, na baada ya saa mbili lilikuwa limepanda karibu digrii 2. Usingizi nao si jambo dogo. Mwaka 2011 huko Chicago, vijana 10 wenye afya waliolazwa saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja walishuka testosteroni kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana, na ni wiki moja tu. Dereva wetu anaishi hivyo mwaka mzima. Mizani ya Mikese inajua uzito wa kila ekseli ya lori lake, ila yeye mwenyewe ukimwuliza ana kilo ngapi hajui.

Huwa nawaambia mambo wanayoweza kuyafanya barabarani. Kila mnaposimama, shuka, zunguka lori mara kadhaa, acha mwili upoe. Ng'oa lile zulia la manyoya kwenye kiti. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Iringa kuna nyanya na mboga, njia nzima mama lishe wana maharage, samaki na mchicha, kwa hiyo chipsi si lazima. Soda iwe maji. Enaji ni sukari, na sukari hiyo huishia tumboni.

Je, uzito ukishuka mbegu zinarudi? Jibu zuri ninalolifahamu limetoka Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Wanaume 56 wenye unene uliopitiliza walikula chakula cha kalori 800 kwa siku kwa wiki 8, wakiangaliwa na wataalamu, wakapungua wastani wa kilo 16.5. Wingi wa mbegu kwa mililita ukapanda hadi karibu mara moja na nusu ya ulivyokuwa. Wakafuatiliwa mwaka mzima: walioulinda uzito wao mpya walibaki na mbegu zao, walionenepa tena zikashuka. Tafadhali usijaribu kalori 800 peke yako nyumbani, hasa kama una sukari au presha. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba korodani husikia mabadiliko mapema kuliko tunavyodhani. Sahani ya ugali ikipungua nusu na mboga zikaongezeka, ukatembea kila siku mpaka jasho likutoke, mwili unaelewa. Wapo wanaopanda Uluguru hadi Morningside kila Jumapili asubuhi, na huko hakuna kiingilio cha jimu.

Nikitaja jimu, naomba wenye misuli wanisikilize kwa makini kuliko hata wenye vitambi. Sindano za testosteroni na steroidi za kujengea mwili ni njia ya mkato ya kufika sifuri. Ubongo ukikuta homoni imejaa kwenye damu kutoka nje, unaacha kuziamuru korodani. Zinasinyaa na kusimamisha uzalishaji. Mwili unaonekana dume kamili na kwenye kioo changu hakuna kitu. Wengi mbegu zao hurudi baada ya kuacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, mwaka na zaidi. Tena kuna wanaochomwa sindano hizo na mtu aliyewaahidi kwamba zitawasaidia kupata mtoto. Hilo linanikasirisha.

Pombe ya kila siku, sigara na bangi zote zinaharibu, acha au punguza. Simu mfukoni naulizwa kila wiki: vijana 2,886 wa Uswisi walichunguzwa, matokeo yakatoka mwaka 2023, na kuweka simu mfukoni hakukuonyesha tofauti.

Na si kila jibu baya ni la uzito. Kisonono cha zamani ambacho hakikutibiwa vizuri huziba njia. Matumbwitumbwi ya ukubwani hushambulia korodani. Kuna korodani zisizoshuka utotoni, kuna majeraha ya upasuaji wa ngiri. Varikosele, ile mishipa ya korodani inayovimba, ipo kwa wanaume kama 15 katika 100, na kwa wanaokuja na shida ya uzazi inafika karibu 40 katika 100; inatibika. Ndiyo maana nakataa mtu aambiwe "punguza mwili" akarudishwa nyumbani bila kuguswa. Daktari amkague kwa mikono yake.

Kuna dereva mmoja ambaye ameniruhusu kumwandika, na yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alikuja na kilo 112, akiwa amesindikizwa na mkewe, na mke ndiye aliyebeba bahasha. Majibu yake: milioni 6 kwa mililita, zinazotembea asilimia 25. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akamgeukia mkewe akamwambia, "Mama, kumbe mimi." Mke alilia, na sikuona hasira kwenye machozi yale. Daktari alimkagua, hakuona varikosele, sukari ilikuwa juu kidogo. Dereva akaomba tajiri wake amhamishie safari fupi za Dar na Dodoma ili alale nyumbani. Aliacha bia na enaji. Mkewe akawa anamfungia chakula cha njiani.

Alirudi baada ya miezi minne akiwa na kilo 99. Nikahesabu milioni 14, zinazotembea asilimia 38. Bado yuko chini ya mstari, na mimba bado haijaingia. Mkewe ana miaka 36, na kwa mwanamke aliyefika 35 hatusubiri mwaka mzima, miezi sita inatosha kuanza uchunguzi. Kwa hiyo daktari amewaandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa uzazi Dar wakati uzito ukiendelea kushuka. Safari hii kwenye bahasha kuna karatasi za wote wawili.