Nilivyochagua mashine ya kukatia nyasi kwa shamba la ekari nane

Shamba letu ni ekari nane, na nyasi zake si za aina moja. Kuzunguka nyumba kuna kama ekari moja ya nyasi fupi, laini. Baada ya hapo kuna uwanda wa ekari tano ambako nyasi zikipata mvua hufika kiunoni, na humo mmejificha visiki vya miti iliyokatwa zamani. Ekari mbili zilizobaki zinateremka hadi kijitoni. Miaka yote tulifyeka kwa mkono, na ukimaliza upande mmoja unakuta ule ulioanzia umeshakuwa pori tena. Nilipoamua kununua mashine nilijiwekea sharti moja, kwamba shamba lenyewe ndilo litakaloamua.

Nilianza na hesabu ya muda. Chukua upana wa mkato, zidisha kwa mwendo, kisha punguza kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuza na kupitisha mstari juu ya mstari. Mashine ya kusukuma yenye mkato wa nusu mita, ukitembea kilomita nne kwa saa, inatoa mita za mraba 2,000, na ukishapunguza zinabaki 1,600. Ekari ina mita za mraba 4,047. Maana yake ekari moja inakula saa mbili na nusu za kutembea. Mashine ya kukalia yenye mkato wa mita moja na kidogo humaliza ekari kwa saa moja hivi. Slasha ya mita moja na nusu inayovutwa na trekta, kwa kilomita tano kwa saa, hufyeka karibu ekari moja na nusu kwa saa. Kwa uwanda wa ekari tano, mashine ya kusukuma ikawa imejiondoa yenyewe.

Mashine ya kukalia ilinivutia kwa muda mrefu. Ni nyepesi kuendesha na inaacha nyasi zimelingana vizuri. Lakini nilipokuwa dukani niliomba ruhusa, nikalala sakafuni nikatazama tumbo lake. Visu vimekazwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ekseli zake, na bati linalovifunika ni jembamba. Kisu cha namna hiyo kikigonga kisiki hakina pa kukimbilia, kwa hiyo kishindo chote kinakwenda kwenye ekseli, na ekseli ikipinda mashine nzima inatetemeka. Tena imetengenezwa kwa nyasi fupi: zikiwa ndefu, tumbo linajaa, mkanda unateleza na kuungua. Slasha ni kitu kingine kabisa. Visu vyake vinaning'inia kwenye bolti nene na vinaweza kuzunguka. Vinanyooshwa na kasi, vikikutana na kisiki vinarudi nyuma, kisha vinajinyoosha tena. Nilivisukuma kwa mkono nikaona vinavyocheza, na hapo uwanda ukawa umepata mashine yake.

Kabla ya kutafuta trekta nilipima mteremko, na hili ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kutoa hela. Chukua ubao wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ulaze kwa pima maji mpaka utulie sawa, halafu pima pengo kati ya ncha ya chini na ardhi. Pengo la sentimita 27 ni nyuzi 15, na hapo ndipo vitabu vingi vya maelekezo ya mashine za kukalia vinapokataza kuendelea. Kwetu pengo lilizidi hapo sehemu kadhaa karibu na kijito. Zile mashine zinazoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma na kugeuka papo hapo zilipoteza nafasi siku hiyo. Magurudumu yake ya mbele yanazunguka ovyo bila kuongozwa, na ya nyuma yakianza kuteleza huna usukani wa kukuokoa. Mteremko huo niliamua hautapita gari lolote, hata trekta.

Trekta nilitaka ndogo, iliyotumika lakini nzima. Kanuni waliyonipa mafundi ni nguvu farasi tano kwa kila futi ya upana wa slasha, zikipimwa kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa. Slasha ya futi tano inataka basi nguvu farasi 25. Kwa kila trekta niliyokwenda kuiona niliomba injini isiwashwe kabla sijafika, nikaigusa kwanza kuhakikisha ni ya baridi. Injini ya moto huficha mengi. Kwenye giaboksi ya slasha nilifungua kizibo, nikachovya kijiti, nikasugua oili kati ya vidole. Ukisikia chembe za chuma, gia zinakwisha. Ukiona weupe kama maziwa, maji yameingia.

Kuna slasha moja niliiacha kwa sababu ya bolti tu. Kati ya shafti na giaboksi hukaa pini laini ambayo kazi yake ni kukatika kisu kikikwama, ili gia zisivunjike. Mwenye slasha alikuwa ameweka bolti ngumu, akaniambia kwa fahari kwamba hii haikatiki kamwe. Nilimshukuru nikaondoka, kwa kuwa kishindo cha kila kisiki alichogonga kilikuwa kimemezwa na gia zake. Slasha niliyonunua ilikuja na pini yake halisi, na za akiba nazihifadhi kwenye kisanduku cha trekta.

Ukingoni mwa kijito na kando ya uzio tunatumia mashine ya kufyekea ya begani, yenye sahani ya chuma kwa vichaka na uzi wa nailoni karibu na miti. Petroli yake nachanganya na oili ya tu-stroki kwa 1:50, yaani mililita 20 kwa lita. Karibu na nyumba ilitosha mashine ya kusukuma, mradi kisu kiwe kikali na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja.

Visiki vyote nilivitafuta kwa fimbo wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimelala, nikavisimamishia vigingi vyeupe. Ninapopanda trekta, fremu ya kuzuia kuvingirika inakuwa imesimama na mkanda nimeufunga. Minyororo ya mbele na nyuma ya slasha lazima iwepo yote, maana jiwe linalorushwa na kisu husafiri makumi ya mita likiwa na nguvu ya kuua. Slasha ikizunguka, watoto wanakaa ndani ya nyumba, na akitokea mtu uwandani nazima PTO kwanza ndipo nimuulize shida yake.