Simulizi ya kumuuguza mama hatimaye imepata jarida

Wahariri walikuwa wakiirudisha kwa jibu lilelile: inagusa moyo, lakini msomaji wetu atapata nini? Nikapunguza maneno, nikabadili kichwa, nikaongeza machozi (hapo ndipo ilipozidi kuharibika). Wapi!

Kilichosaidia ni mstari mmoja. Kabla ya kugusa aya yoyote, niliandika juu ya ukurasa swali la msomaji: “Tutagawanaje zamu za usiku bila kugombana?” Kila tukio lisilojibu swali hilo likatoka, hata lile la wodini nililolipenda mno. Kisha nikaanzia usiku tuliogombana, si siku mama alipougua. Mwisho nikamtumia mhariri barua fupi, swali lile likiwa sentensi ya kwanza. Akaomba makala nzima.