Vizibo vya machozi: nilivyowekewa na yaliyofuata

Nikisema nina macho makavu, mtu ananitazama machozi yakinichuruzika shavuni, halafu anacheka. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Jicho likikauka linawasha, likiwasha linamwaga machozi ya ghafla, maji matupu yasiyo na mafuta ya kutosha kuyashikilia juu ya jicho. Yanaishia kwenye leso. Muda si mrefu ile hali ya kama una mchanga jichoni inarudi.

Mimi ni mhasibu. Ofisi ilipohamia Dodoma nami nikahama nayo kutoka Dar, na kwa macho yangu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kule joto lina unyevu. Huku ikifika Julai ni upepo na vumbi, na ukikimbilia ndani unakuta kiyoyozi kinakupulizia usoni huku umekodolea kompyuta bila kupepesa. Ongeza umri wangu (kina mama mliokoma hedhi mnanielewa) na vidonge vya mzio nilivyokuwa nameza kila vumbi likinipiga chafya. Kumbe navyo vinakausha macho! Mfamasia hakuniambia, wala mimi sikuuliza.

Daktari wa macho kule Dar alinipima kwa karatasi nyembamba ya utepe, akaikunja ncha na kuipachika ndani ya kope ya chini. Unakaa hivyo dakika 5, kisha anasoma karatasi imelowa kiasi gani. Chini ya milimita 10 inatia shaka. Jicho langu la kulia halikufika hata 5. Akatia na rangi ya manjano, akawasha taa ya bluu, akahesabu sekunde mpaka utando wa machozi ukapasuka.

Nikadhani vizibo, yaani vile vidude vidogo vya kuziba vitundu vya kope vinavyopitisha machozi kwenda puani, nawekewa siku hiyo hiyo. Akakataa. Kingo za kope zangu zilikuwa na uvimbe na magamba kwenye mizizi ya nywele, akasema ukiziba mfereji wakati jicho lina uchafu wa uvimbe, unaufungia uchafu huo humo humo. Nikarudishwa nyumbani kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kuzisafisha kila jioni. Nilinuna, nauli ya Dodoma hadi Dar si ya kuchezea. Lakini sasa mtu akinitafuta kuniuliza, hili ndilo la kwanza ninalomwambia: kizibo hakitengenezi machozi, kinabakiza yale uliyo nayo. Basi yaangaliwe kwanza ni machozi ya namna gani.

Ukitaka kuona kinachozibwa, simama mbele ya kioo uvute kope ya chini taratibu. Kwenye kona ya upande wa pua utaona kitundu kidogo mno. Kingine kiko kwenye kope ya juu. Machozi yanapita humo kwenda puani, ndiyo maana ukilia unapenga kamasi, na ndiyo maana matone ya dawa unayasikia uchungu kooni. Kuziba kitundu ni kama kuziba sinki: bomba ni lile lile, ila maji yanakawia.

Kuna vizibo vya kolajeni vinavyoyeyuka baada ya siku chache, vya kujaribia. Vipo vinavyoyeyuka kwa miezi. Na vipo vya silikoni, vilivyoanza kutumika miaka ya 1970, ambavyo hukaa mpaka vitolewe au vidondoke vyenyewe. Mimi nilijaribishiwa vya kuyeyuka, nikapata nafuu, ndipo nikawekewa silikoni kwenye kope za chini tu.

Kuwekewa kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Tone la ganzi, kidevu juu ya kile chombo chao chenye darubini, "tazama juu, mama, usipepese." Akapima upana wa kitundu, akakitanua kidogo kwa kijiti cha chuma, akasukuma. Nilihisi kubanwa, maumivu hapana. Kizibo hakifiki unene wa punje ya mtama, kina kichwa bapa kinachobaki nje, na ukikaza macho kwenye kioo unakiona. Niliondoka kwa miguu yangu.

Usiku ule kona za macho ziliwasha, nikalala mikono nimeibana chini ya mto nisije nikajifikicha. Wasiwasi wa kuhisi kitu jichoni uliisha baada ya siku kadhaa. Jicho la kushoto likaanza kufurika asubuhi, hasa nikitoka nje kwenye upepo. Daktari alisema hilo hutokea, likinikera sana anakitoa kizibo kwa kibano. Limetulia, nikaliacha. Cha kulia kilidondoka nisijue saa wala mahali, nikawekewa kingine kikubwa kidogo.

Jirani yangu Mama Jose aliposikia alishika kiuno: "Wamekuziba machozi? Msibani utaliaje?" Nikamwambia nitalia kuwashinda wote, maana yangu sasa njia yake kubwa ni mashavuni.

Matone ya kulainisha macho sijaacha, nimepunguza. Zamani nilikuwa natia kila baada ya muda mfupi, na kwa matumizi ya namna hiyo unahitaji yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhia, yanayouzwa kwenye vichupa vidogo vya kutumia na kutupa. Bei yake mnaijua, na bima yangu haiyagusi. Sasa asubuhi na jioni zinanitosha, isipokuwa wiki za upepo mkali.

Ukiwa navyo, usifikiche kona ya jicho kuelekea puani. Ukiona kona imevimba, imekuwa nyekundu, inauma au inatoa usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda mfereji umeshambuliwa na vijidudu. Na kama pamoja na macho mdomo nao unakauka na viungo vinauma, mwambie daktari kabla ya kuzungumzia vizibo. Mimi alinipima damu kwanza kwa sababu hiyo hiyo, majibu yakawa salama.