Tamasha la usiku mmoja, na kazini asubuhi

Nilianza na basi la kurudi. Tamasha lilikuwa Alhamisi usiku, mji wa mbali, mwendo wa saa sita barabarani, na Ijumaa saa nne asubuhi nilitakiwa niwe kazini. Wengi hukimbilia tiketi ya tamasha kwanza kwa sababu ndiyo inayogombaniwa. Mimi nilifungua ratiba ya mabasi, nikaona lipo linaloondoka saa saba na nusu usiku, nikalikatia siti dirishani. Baada ya hapo ndipo nilipojiruhusu kuitamani tiketi yenyewe.

Mwimbaji mwenyewe simtaji, maana kila mtu ana wake. Wangu alikesha nami. Mwaka uliotangulia mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na kwa wiki kadhaa nililala kwenye kiti kando ya kitanda chake wodini. Sikio moja nililitia kipokea sauti, la pili nikaliacha wazi ili nimsikie akiita. Albamu ile ile, usiku baada ya usiku, hadi nikajua ni wapi anavuta pumzi kabla ya kiitikio. Tangazo la ziara lilipotoka mama alikuwa ameshaanza kutembea bila mkongojo. Nikamwambia nasita kumwacha. Akasema, "Nenda mwanangu. Mdogo wako yupo, na mimi miguu ninayo."

Siku ya mauzo nilijiandaa mapema: akaunti nilishaifungua, kadi ya malipo nilishaisajili, na nilikuwa nimeshaamua ninataka kusimama wapi. Hili la mwisho ndilo ninalomsisitizia kila anayeniuliza. Saa ya kununua ikibisha hodi, dakika ni chache, na asiyejua anachotaka huchukua chochote. Nilitaka eneo la nyuma kidogo, karibu na kibanda cha mafundi mitambo. Fundi wa sauti huchanganya muziki kwa masikio yake mwenyewe akiwa pale alipo. Ukisimama jirani naye, unasikia karibu kile kile anachokisikia yeye. Mbele kabisa utamwona msanii hadi jasho la paji la uso, lakini besi inakupiga kifuani na maneno yanapotea. Mimi nilikuwa nimeyafuata maneno.

Mizigo haikunichosha kichwa: mkoba mdogo, kwa sababu kumbi nyingi hukataa mikubwa, viatu nilivyovizoea, pawabanki iliyojaa, koti, na vizibo vya masikio. Vizibo watu huvidharau. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100, na hata kiwango hicho si cha kukaa nacho masaa bila kinga. Nilinunua vile vya kupunguza sauti bila kuiziba, vya wanamuziki. Ukivivaa muziki unabaki na umbo lake lote, ila kama umesogezwa hatua chache. Nilipotoka masikio hayakuvuma hata kidogo.

Tiketi ilikaribia kunitia matatani. Nyingi siku hizi zina msimbo unaojibadilisha kila baada ya muda mfupi, hivyo picha ya skrini haifai kitu mlangoni. Wakati huo huo maelfu ya simu zinagombania mtandao mmoja na hakuna kinachofunguka. Niliihifadhi tiketi kwenye programu ya pochi ndani ya simu tangu nyumbani, ikafunguka bila intaneti. Binti aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni yake iligoma kabisa, macho yakaanza kumlengalenga. Nikamwambia, "Mdogo wangu, rudi hadi kule barabarani, mtandao utaupata, mimi nakushikia nafasi." Alikimbia. Baada ya kama dakika kumi alirudi ameinua simu juu kama mwenge, na wote tuliokuwa kwenye foleni tukampigia makofi.

Ndani nilipofika niliangalia juu, nikaona safu za spika zilizosimamishwa katikati ya uwanja, mbali na jukwaa. Hizo zina kazi yake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka jukwaani huisikia kwa kuchelewa kama theluthi moja ya sekunde. Mafundi huzichelewesha spika za nyuma kwa makusudi ili zilingane na sauti inayotoka mbele, zisigongane. Niliwaza juu ya Beatles, ile bendi ya Uingereza, walipopiga kwenye uwanja wa Shea Stadium kule New York tarehe 15 Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Mitambo ya wakati ule ilizidiwa na mayowe, na wao wenyewe walitaabika kujisikia. Mashabiki wale walifika, walilia, wakarudi makwao na muziki kidogo sana. Mimi niliupata wote, na niliishukuru kila spika iliyoning'inia pale.

Taa zilizimika saa mbili na nusu. Sitasimulia nyimbo moja moja. Nitasimulia mmoja, ule wa usiku wa hospitali. Alianza na kinanda peke yake, bila ngoma. Ubeti wa pili watu walishauchukua, na alipofika kwenye kiitikio hakuimba. Aliinua mkono, akakichomoa kile kifaa cha sikioni anachojisikilizia, cha upande wa kushoto, akakiacha kining'inie shingoni kwa waya wake, akainamisha kichwa kutusikiliza. Kwenye skrini kubwa nilikiona kidude chenyewe, kimeumbwa kwa kufuata sikio lake, kinayumba taratibu juu ya mfupa wa bega. Sikio moja limezibwa, moja li wazi. Nilivivua vizibo vyangu vyote viwili kwa wimbo ule tu, nikaimba hadi koo likakauka.

Tamasha lilipomalizika ilikuwa karibu saa tano. Kwa kuwa basi lilikuwa la saa saba na nusu, sikutoka hata sekunde moja kabla ya wimbo wa mwisho, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kupanga kurudi kwanza. Getini kila mtu alikuwa akiita teksi. Nikafuata umati kwa miguu kama dakika ishirini, kwenye barabara zenye taa na watu wengi, hadi msongamano ukapungua, ndipo nikaita yangu, ikaja upesi. Ndani ya basi nilijifunika koti nikapiga usingizi wa kukatikakatika. Kila nilipozinduka kiitikio kilikuwa bado kinaendelea kichwani.

Saa moja na nusu nilikuwa nimefika. Nikapitia nyumbani kuoga. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kile kiti nilichokuwa nikikesha juu yake, maana alikipenda tukakihamishia nyumbani. Nilijaribu kumsalimia, sauti haikutoka. Nikampa simu yenye kipande cha nusu dakika nilichorekodi kabla sijaizima na kuirudisha mfukoni. Mwimbaji hasikiki kabisa humo, ni umati tu, na karibu zaidi ni mimi. Mama alikiweka sikioni, akafumba macho hadi kikaisha.

"Huu ndio uliokuwa ukiuimba kule wodini?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa nausikia," akasema, akabonyeza tena.