Mfupa Haukandiki

Ilikuwa Aprili 2017. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma, ule wa siku 100, ulikuwa umeisha mwezi uliotangulia, na foleni za hospitali za Upper Hill, Nairobi, zilikuwa bado hazijapata habari. Tulitoka Umoja alfajiri, mimi, mke wangu na shosho, mama mkwe wangu, aliyekataa katakata kuachwa nyumbani. Kijana wetu alikuwa na miezi saba na kichwa kirefu kama papai.

Zahanati ya mtaani walikuwa wametushauri tumbadilishe ubavu wa kulala. Ushauri wenyewe si mbaya. Vichwa vingi huwa bapa upande mmoja kwa ajili ya mlalo, na baadaye hunyooka. Lakini hiki hakikuwa bapa: kilikuwa chembamba, paji limejitokeza mbele, kisogo kimetokeza nyuma. Shosho naye alikuwa na tiba yake. Kila jioni mtoto akishaogeshwa, alipasha viganja mafuta na kukikanda.

Daktari wa upasuaji wa ubongo alisimama nyuma ya mtoto, akamtazama kwa juu, kisha akapitisha kidole toka utosini hadi kisogoni. Akamwambia mke wangu naye apitishe. Palikuwa na tuta gumu la mfupa. Fuvu la mtoto, akaeleza, ni vipande vilivyoachana kidogo ili ubongo upate nafasi, maana mwaka wa kwanza hukaribia kukua maradufu. Ungio la katikati likijifunga mapema, fuvu hushindwa kupanuka kwa pembeni, likajisukuma mbele na nyuma. Kraniosinostosi. Akakagua na vidole, kwa kuwa ipo aina, ya Apert, ambayo vidole huzaliwa vimeshikana. Vya kwetu vilikuwa salama. Skani ya CT ilikuja kuthibitisha tu.

"Na nikizidi kumkanda, daktari?" shosho akauliza.

"Shosho, mfupa ukishaungana haukandiki."

Alinuna Jogoo Road nzima.

Upasuaji ulipopangwa, mimi kilichonitia hofu ni damu. Mtoto wa kilo nane ana kama mililita 640 mwilini mwote, na mtu mzima akichangia mara moja tu hutolewa 450. Ngozi ya kichwa nayo huvuja sana. Walikuja kuchangia shemeji zangu, na kondakta mmoja wa matatu, jirani tuliyekuwa hata hatusalimiani vizuri.

Walipasua ngozi kwa zigizaga, toka sikio hadi sikio, ili nywele zije zifunike kovu. Mfupa ukatolewa, ukakatwa, ukaundwa upya na kufungwa kwa vibati vinavyoyeyuka vyenyewe. Siku ya pili uso ulivimba, macho yakafumba kabisa. Tulikuwa tumeonywa, mke wangu alitoka wodini kulia hata hivyo.

Yalipofunguka, shosho alimvizia daktari koridoni.

"Sasa kwa vile mmeufungua, si naweza kukanda kidogo?"

Daktari akamwambia akande miguu.