Presha ya macho na kalsiamu tunayorithiana

Hapa Wete, Pemba, mtu akiambiwa ana presha ya macho, wengi hudhani ni ile ile presha ya mwili, na wapo wanaopunguza chumvi wakitaraji macho nayo yapate nafuu. Ni mambo mawili tofauti. Presha ya macho hutokana na majimaji safi yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembezoni mwa duara lenye rangi. Yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda na kuuharibu taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa wa kuharibika kwa mshipa huo ndio uitwao glakoma.

Tangu ami yangu apoteze uoni wa jicho moja, nimekuwa nikisoma kwa nini kichujio cha mtu mmoja hupitisha maji na cha mwingine hukaza. Sehemu ya jibu ni kalsiamu. Seli za kichujio hicho zina uwezo wa kujikaza na kulegea, na kalsiamu inayoingia kupitia vijia maalumu vya seli ndiyo inayoziamuru zijikaze. Jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, iitwayo CACNA2D1 hutengeneza kipande cha protini kinachovisaidia vijia hivyo kufika kwenye utando wa seli. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliolinganisha panya wa koo mbalimbali wenye presha tofauti za macho walichapisha kwamba jeni hiyo inahusika, na wakaona uhusiano wake na glakoma kwa binadamu pia. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva na kifafa, hushikamana na kipande hicho hicho, na matone yake yaliishusha presha ya panya, ingawa si kwa kiasi kimoja katika kila ukoo. Nasisitiza kwamba hiyo bado si tiba ya glakoma, na mtu asiende kuinunua dukani kwa sababu ya maandishi haya.

Jeni nyingine ni TMCO1, iliyohusishwa na glakoma mwaka 2011. Miaka mitano baadaye ilibainika kuwa protini yake ni kijia kinachotoa kalsiamu iliyozidi katika ghala la ndani ya seli.

Mwaka 2023 utafiti wa Uingereza uliohusisha watu zaidi ya 400,000 ulionesha kuwa wanaotumia dawa za presha ya mwili zinazozuia vijia vya kalsiamu, amlodipini ikiwemo, walikuwa na glakoma zaidi, ilhali presha ya macho yao haikuwa juu zaidi. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo. Baba yangu humeza amlodipini kila siku na sikumwambia aiache, kwa maana kiharusi hakingoji. Nilimwomba akapimwe macho tu.

"Mwanangu, mimi kisiwa cha Fundo nakiona vizuri kabisa," alinijibu.

Nikamweleza kwamba glakoma huanza kula uoni wa pembeni, bila maumivu, na kwamba utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wa mwaka 1998 ulikadiria hatari ya ndugu na watoto wa wagonjwa, hadi umri wa miaka 80, kuwa asilimia 22, dhidi ya 2.3 kwa wengine. Akakubali. Alitiwa tone la ganzi na rangi ya manjano, kisha kifaa chenye mwanga wa buluu kikaligusa jicho. Kiwango cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Jicho lake la kulia lilisoma 24. Daktari akautazama na mshipa wenyewe, kwani wapo wenye glakoma na presha ya kawaida, akamwandikia matone na tarehe ya kurudi. Dada zangu walioko Unguja nimeshawaandikia wakapimwe.