Mtoto anasubiri, serikali zinabishana nani alipe

Kanada mambo ya ustawi wa watoto yako mikononi mwa majimbo, ila watu wa Mataifa ya Kwanza (jamii za wenyeji wa asili) wanaoishi kwenye maeneo yao wanahudumiwa kwa hela ya serikali kuu, na hapo katikati ndo watoto wanapoumia. Jordan River Anderson wa Norway House Cree Nation, moja ya jamii hizo kule jimbo la Manitoba, alizaliwa 1999 akiwa mgonjwa sana. Alipofika miaka miwili madaktari wakasema sasa anaweza kutoka hospitali akalelewe kwenye nyumba ya familia, basi serikali kuu na jimbo zikaanza kuvutana nani alipie hiyo huduma, wakavutana weee mpaka mtoto akafariki 2005 hukohuko hospitalini, miaka mitano, hajaishi kwenye nyumba ya familia hata siku moja. Inaniuma kila nikiisoma.

Ndo ikaja Kanuni ya Jordan, bunge likaipitisha kama hoja 2007: serikali iliyofuatwa kwanza ilipe, ubishi ufuate baadaye. Hata hivyo 2016 baraza la haki za binadamu la Kanada likaamua kwamba serikali kuu inawabagua hawa watoto kwa kuwatengea hela pungufu.

Sheria ya serikali kuu iliyoanza kufanya kazi Januari 2020 naipenda kweli. Inatambua kwamba jamii za asili zina haki ya kujitungia sheria za malezi, na inasema mtoto asichukuliwe kwao eti kwa sababu tu wazazi ni maskini au nyumba ni mbovu, na akichukuliwa waangaliwe ndugu kwanza, afu watu wa jamii yake. Jimbo la Quebec wakaipinga mahakamani, Februari 2024 Mahakama ya Juu ikasema iko sawa yote. Na ilihitajika jamani, sensa ya 2021 ilionyesha watoto wa asili ni 7.7% tu ya watoto wa chini ya miaka 15 lakini ni 53.8% ya walio kwenye malezi ya kambo!!

Shida yangu ni hela. Sheria yenyewe haikuweka bajeti, kila jamii inabidi ikae mezani ijadiliane. Jamii ya Cowessess ya jimbo la Saskatchewan walisaini makubaliano yao Julai 2021, dola za Kanada milioni 38.7 kwa miaka miwili, nikafurahi sana, ila jamii ndogo isiyo na wanasheria itajadiliana vipi na serikali mbili kwa mpigo? Hela iandikwe ndani ya sheria, isiwe ya kuombwa.